Jiwe Lililotoka Guam

Januari 2006, Ndinda, mfanyabiashara wa Nairobi, alikwenda kuagiza vigae kwenye karakana ya wachonga mawe pembezoni mwa Guangzhou. Alipochoka kumsubiri bosi, alikalia jiwe kubwa la mviringo lililokuwa uani, akamenya chungwa na kuacha maganda juu yake.

Kesho yake aliamka mguu umevimba. Nyuma ya paja palikuwa na alama tano nyeusi za vidole, kila kimoja kinene kuliko viwili vyake. Daktari alipima, hakuona kitu.

Siku ya tatu alirudi karakana akichechemea. Mama mmoja wa makamo alikuwa amepiga magoti mbele ya lile jiwe, akiokota yale maganda.

“Ni wewe uliyekaa hapa?” aliuliza kwa Kiingereza, akiutazama ule mguu. “Uliomba ruhusa?”

“Ruhusa ya nani?”

Mama huyo aliitwa Dolores Taimanglo, Mchamoru, mwenyeji wa asili wa kisiwa cha Guam. Hoteli moja ya kwao ilikuwa imeling’oa jiwe hilo msituni na kulituma Guangzhou ili linakiliwe kwa mapambo, naye alikuwa amelifuata ili alirudishe. Zamani, alieleza, wazee wao walijenga nyumba juu ya nguzo za mawe zenye vichwa vya mviringo kama hiki, na chini yake wakazika wafu wao.

“Hawajaondoka. Tunawaita taotaomo’na. Kwao hatuingii bila kupiga hodi.”

“Mimi nimeokoka, mama,” Ndinda alisema.

Bosi alikuwa amekubali jiwe liondoke, maana misumeno mitatu ilishakatika walipojaribu kulinakili. Wafanyakazi sita walijaribu kulinyanyua. Halikutikisika. Dolores alimtazama Ndinda, kisha akaliangalia jiwe.

Ndinda akaweka kiganja juu ya jiwe. Pamoja na baridi ya Januari, lilikuwa na joto la mwili wa mtu.

“Nisameheni,” alinong’ona. “Sikujua hapa ni kwa watu.”

Chini ya kiganja kitu kilipanda, kikashuka, kama kifua kinachopumua. Akauondoa mkono haraka. Safari hii wanaume wanne tu walilinyanyua hadi kwenye lori.

Ndinda akapanda kumsindikiza Dolores. Walipofika bandari ya Nansha alasiri, Ndinda alishuka bila kuchechemea. Mlinzi wa lango alikagua pasi za dereva na wanawake wawili, kisha akainua macho nyuma ya lori.

“Na yule mzee mrefu aliyekaa juu ya mzigo?” aliuliza kwa Kichina. “Pasi yake iko wapi?”

Ndinda, aliyezoea Kichina cha biashara, alimtafsiria Dolores.

“Mwambie anarudi kwao.”

Ndinda akasema hivyo, macho yake ameyakaza kwa mlinzi. Hakuthubutu kugeuka.