Kifua cha Kuegemea

Kwa kina Zipporah, mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa bibi yake. Binti hurudi kwao, na uchungu ukimshika, mamake huketi nyuma yake ampe kifua cha kuegemea. Bintiye Viola mwenyewe alizaliwa hivyo, papa hapa Gede. Sasa Viola yuko Uingereza, analea wazee wa watu, na mimba imemkuta huko huko. Nauli ya mama? Usiniulize.

"Siku hiyo nitakupigia, mama," Viola alisema. "Nataka sauti yako. Utawasikia wakunga wakisema push."

Zipporah hana Kiingereza, ila kukaa kama gogo mwanawe akiteseka, hilo alilikataa katakata. Akamwendea jirani yake, mwalimu Musyoka.

"Push ni kusukuma," mwalimu akamwambia. "Mlango, toroli, gari lililokwama."

"Na mwanamke anayezaa?"

Mwalimu akakuna kichwa, mtu mzima na haya zake. "Hata huyo. Lakini wakitanguliza don't, asisukume. Aheme tu."

Basi Zipporah akawa anatwanga mahindi huku akitamka. Push. Don't push. Hata kuku walimzoea.

Simu ikaja asubuhi, maharagwe yakiwa motoni. Viola alikuwa analia. Zipporah akaketi sakafuni, mgongo kwenye kitanda, akaweka simu mbele yake na kufungua mikono, vile vile mamake alivyomfanyia yeye.

"Don't push!" mkunga akasema.

"Usisukume, mwanangu! Hemahema! Niegemee!"

Kisha wakapiga kelele wote, "Push! Push!"

"Sukuma, Viola! Sukuma, niko nyuma yako!" Akakaza mgongo, akakanyaga sakafu kwa visigino, jasho likimtiririka.

Kitoto kikalia. Ee Mungu, kilivyolia!

"Ni msichana, mama," Viola akasema, halafu simu ikakatika. Zipporah akapiga, haikushika. Akapiga tena. Wapi!

Maharagwe yalikuwa yameungua. Zipporah alicheka, akalia, akatafuta wa kumwambia, nyumbani hamkuwa na mtu. Aliumia kwamba mjukuu amezaliwa na yeye hakumgusa hata kidole.

Alipoinuka ndipo alipoona kitanda kimefika ukuta wa pili, kimeacha michirizi sakafuni. Mikono yake ilikuwa mitupu. Akainama akaanza kukirudisha, na hapakuwa na mtu wa kumshikia upande wa pili.