Jina Lililocheza Fainali

Timu ya mpira wa pete ya Chuo cha Mwakisyala ilianzishwa na Atuganile, na hilo hakuna aliyelipinga hata mambo yalipokuja kuharibika. Alipotoka Kyimo kuja kusomea maendeleo ya jamii, alikuta wavulana wana kiwanja chao na wasichana wana kwaya tu. Nyuma ya bweni palikuwa na mteremko wa majani, ng'ombe wa mlinzi wakilisha. Atuganile aliazima majembe, akawabembeleza wenzake, wakasawazisha ardhi Jumamosi baada ya Jumamosi, huku mvua ya Tukuyu ikirudisha matope kila walipoyatoa. Maulidi, fundi wa kuchomelea wa Ibighi, aliwatengenezea pete mbili kwa sababu binti yake Siham alikuwa mmoja wao. Siham alicheza katikati, Atuganile akawa mfungaji. Mwalimu Jairo wa michezo alijitokeza kila kitu kikiwa tayari, filimbi shingoni.

Atuganile hakuwa mrefu. Alichokuwa nacho ni ubishi. Kila asubuhi kabla ya vipindi alikuwa kiwanjani peke yake, akirusha mpira kwenye ukungu mzito kiasi kwamba pete yenyewe haikuonekana vizuri; alijua amefunga kwa kusikiliza tu. Mwaka wa pili timu ikashinda mashindano ya vyuo ya mkoa. Chuo kizima kilicheza ngoma, na mwenye chuo, mzee asiyewahi kukanyaga kiwanjani, akatangaza kwamba sasa anataka kikombe cha kanda kutoka Iringa.

Wiki ya safari Mwalimu Jairo alikusanya vitambulisho vya wachezaji wote, akisema ni vya usajili. Asubuhi ya kuondoka, Atuganile alipopanda kosta alimkuta dada mmoja asiyemfahamu amekaa kiti cha mbele, magoti yakigusa kiti cha dereva kwa urefu. Amevaa jezi ya mfungaji.

"Mwalimu, huyu ni nani?"

Mwalimu Jairo alimshika bega akamshusha chini, pembeni ya gari.

"Anaitwa Veronika. Anacheza ligi Mbeya mjini. Kule Iringa wenzetu wote wanaleta mamluki, Atu. Ukienda na watoto wa darasani unapigwa mabao arobaini."

"Atacheza kwa jina gani?"

Mwalimu akatazama saa yake. "La kwako."

"Na mimi?"

"Wewe utashika maji. Sikiliza, mwanangu. Timu hii ni yako. Ukileta fujo hapa, usajili unafutwa, wenzako wote wanabaki. Unataka Siham abaki?"

Atuganile aliinua macho. Siham alikuwa dirishani, anawaona, anawasikia. Akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Atuganile akapanda, akaenda kukaa nyuma kabisa na madumu ya maji.

Huko Iringa walishinda, tena walishinda vizuri. Veronika alikuwa mchezaji kweli. Alipokea mpira juu ya vichwa vya walinzi kama mtu anayeshusha kikapu darini. Kila alipofunga, mtangazaji alipaza sauti kwenye spika: "Atugaaanile!" Watu wasiomjua walilipenda jina hilo, wakaanza kuliimba. Mwenye jina alikuwa amesimama nje ya mstari na dumu mkononi. Mara mbili za mwanzo aligeuka, akidhani anaitwa.

Wakati wa mapumziko Veronika alikuja kunywa maji.

"Jina lako tamu," alisema, bila ubaya wowote. "Maana yake nini?"

"Ametupenda. Mungu ametupenda."

"Basi leo kakupenda sana," Veronika akacheka, akafuta mdomo, akarudi uwanjani.

Kikombe kikaja, na medali ya mfungaji bora ikaja na jina la Atuganile. Veronika aliivua shingoni ndani ya gari akampa. "Chukua, mimi ya nini?" Kule Kyimo mama yake Atuganile alilisikia jina la mwanawe redioni, akatoka nje kuwaita majirani. Binti aliporudi nyumbani Jumapili alikuta akina mama wamejaa uani, wanapiga vigelegele, wanamwambia "ndaga fijo, mwana," asante sana, kama vile amewafungia wao. Alikula ndizi alizopikiwa. Nani angesema ukweli, mama yake akiwa amevaa kitenge cha harusini?

Mambo yangeweza kuishia hapo. Lakini wateuzi wa timu ya taifa ya vyuo walikuwepo Iringa, na baada ya muda chuo kikapigiwa simu: Atuganile anatakiwa kambini Dodoma.

"Nenda," alisema Mwalimu Jairo, anacheka. "Jina si lako? Ndiyo malipo yako hayo."

Akaenda. Moyoni alijiambia kwamba wakimwona akirusha mpira, mengine yatasahaulika.

Kocha wa kambi, mama mmoja mwenye sauti kavu, alimtazama mlangoni kwa muda mrefu.

"Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ni nani?"

"Atuganile, kutoka Mwakisyala."

"Atuganile niliyemchagua mimi anainama akipita mlangoni." Akatoa simu, akamwonyesha picha za fainali. "Wewe ni mamluki, binti. Umetumwa na nani?"

"Nipe mpira, mama. Nipe tu mpira uone."

Labda kwa huruma, kocha akampa. Atuganile alirusha kutoka kila upande, akafunga, akafunga tena, mpaka wachezaji wengine wakaacha mazoezi kutazama. Kocha akaudaka mpira, akaukumbatia.

"Unafunga vizuri. Lakini aliyecheza Iringa si wewe. Ni nani?"

Hapo Atuganile akasema. Alisema yote, toka majembe hadi madumu.

Uchunguzi ulifanyika chuoni. Mwalimu Jairo aliapa kwamba binti mwenyewe ndiye aliyemleta Veronika na kumpa kitambulisho chake, eti aliogopa fainali. Yeye mwalimu, alidai, alidanganywa kama wengine. Veronika alipopigiwa simu alisema hajawahi kufika Iringa. Wachezaji wakaitwa mmoja mmoja.

"Sijui," alisema Siham. "Muulizeni mwalimu."

Kikombe kikarudishwa. Chuo kikapewa onyo. Atuganile akafungiwa miaka miwili kucheza mashindano yoyote ya vyuo, yaani hadi baada ya kuhitimu. Mwalimu Jairo akabaki na filimbi yake.

Siham alimfuata bwenini, macho mekundu.

"Ungenyamaza tu, Atu. Tulikuwa na kikombe."

"Mlikuwa nacho nyinyi."

"Sote tulikuwa nacho! Sasa tunaonekana wezi."

Atuganile aliendelea kukunja nguo zake. Siham akageuka, akaondoka.

Habari zilifika Kyimo kabla yake. Safari hii uani hapakuwa na mtu. Mama yake alikuwa anamenya viazi, hakuinuka. Akamwacha mtoto akae kwanza, apumue.

"Wanasema umefungiwa," alisema. "Wanasema umedanganya mpira. Niambie mimi. Ule mchezo wa Iringa ulicheza, au hukucheza?"

"Sikucheza, mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Nilishika maji."

Mama aliweka kisu chini. Alifikiri, paji la uso limekunjamana, kama mtu anayejumlisha hesabu isiyokubali.

"Sasa kama hukucheza," alisema, "wamekufungia kitu gani?"

Atuganile akakiokota kisu. Akasogeza kigoda karibu, akachukua kiazi.