Neno Ambalo Masudi Hakulifuta

Mwanamvua Shaban alikuwa mmoja wa Wenyeviti wa Bunge, wale wabunge wanaokalia kiti cha Spika pale Spika na Naibu wake wanapokuwa na kazi nyingine. Alikuwa mtoto wa Majengo, wa ukoo wa wafanyabiashara wa zamani wa Dodoma, na kaka yake Abdulrazaki bado aliuza mahindi na mtama sokoni hapo. Alikuwa mjane wa miaka mingi. Watu walimsifu kwa sauti yake ya upole na kwa kutopendelea. Wapinzani walimwamini, na chama chake, ingawa mara nyingine kilinuna, hakikuwahi kumpata na kosa.

Masudi alikuwa mbunge wa huko Kondoa, mgane, mtu wa maneno machache. Walizoeana katika kamati, wakiketi jirani. Mwaka ule, kabla ya Ramadhani, wazee wa Masudi walifika kwa Abdulrazaki na posa, ikakubaliwa. Nikaha ingefungwa baada ya Bunge la Bajeti. Bungeni hawakumwambia mtu. Jioni za Jumapili Masudi alikuja nyumbani kwa Mwanamvua, Makole, wakanywa chai barazani pamoja na shangazi yake, wakazungumzia mambo ya kawaida: nani atahamia kwa nani, na mbuzi wa Masudi watatunzwa na nani.

Mwezi wa nne mvua ikanyesha vibaya Kondoa. Katika njia ya kwenda Busi kuna korongo ambalo kiangazi ni mchanga mtupu, watoto hucheza mpira humo. Shamila, binti wa Mwanne, dada mkubwa wa Masudi, alikuwa anasomea uuguzi, na siku hiyo alikuwa anarudi likizo. Bodaboda ikamfikisha ukingoni. Dereva akasema wasubiri maji yapungue. Shamila alisubiri, kisha akaona wengine wanavuka, naye akakunja gauni akaingia. Maji ya mvua iliyokuwa inanyesha mbali, milimani, yakashuka kwa mkupuo mmoja. Waliokuwa mbele walifika ng'ambo. Yeye waliukuta mwili wake kesho yake, umefunikwa mchanga nusu.

Masudi alikwenda kuzika. Aliporudi alimsimulia Mwanamvua yote pale barazani, kwa sauti ya chini, bila kulia. Alisema daraja la korongo lile liliahidiwa miaka mingi, na sasa zimesimama nguzo mbili tu, moja imeinama. Mwanamvua alitaka kwenda kumpa pole Mwanne siku ileile, lakini Bunge lilikuwa linaendelea na zamu yake ya kukalia kiti ilikuwa imepangwa.

Asubuhi iliyofuata, Mwanamvua akiwa kitini, katika kipindi cha maswali, Naibu Waziri alisimama akasoma jibu lililoandaliwa. Akasema daraja la Busi limekamilika na wananchi wanavuka salama.

Masudi aliomba swali la nyongeza, na Mwanamvua akampa. Akasimama, akashika meza kwa mikono miwili.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, huyu ni mwongo."

Ukumbi ukavuma. Upande wa Serikali mtu akasimama kuhusu utaratibu, akataja kanuni, naye alikuwa sahihi. Hakuna mbunge anayeruhusiwa kumwita mwenzake mwongo. Thobias, katibu aliyekuwa mezani chini ya kiti, aligeuka akamnong'oneza Mwanamvua kifungu cha kanuni, ingawa Mwanamvua mwenyewe alikijua kama anavyojua jina lake.

Alijua pia kwamba Masudi amesema kweli. Lakini alilisikia jambo lile barazani kwake, wakinywa chai, na aliyekalia kiti kile hana ruhusa ya kutoa ushahidi. Akamwomba afute kauli. Masudi akasema hawezi. Akamwomba mara ya pili, na safari hii akamtafutia njia: kama ana ushahidi, Kiti kitampa hadi kesho auwasilishe.

"Nilete nini, Mheshimiwa Mwenyekiti?" Masudi akauliza. "Nifukue kaburi?"

Wengine waliguna, na mmoja nyuma akacheka, pengine hakuelewa. Mwanamvua angeweza kuahirisha kikao. Angeweza kujifanya hakusikia, kama wengine walivyowahi kufanya kwa watu wao. Aliwaza kwamba siku moja atakapomtoa mbunge mwingine kwa neno hilohilo, wabunge wataulizana kwa nini yule wa Kondoa aliachwa, na jibu litapatikana upesi. Akamwomba mara ya tatu. Masudi akabaki amesimama, anamtazama.

Ndipo akamwagiza Mpambe wa Bunge amtoe ukumbini. Masudi hakungoja kushikwa. Alichukua miwani yake, akainamia Kiti kama desturi inavyotaka, akatoka. Mwanamvua akaita swali lililofuata. Lilihusu pembejeo za korosho, na mpaka leo hakumbuki lilijibiwaje.

Simu ya Masudi haikupokelewa wiki nzima. Jumamosi Mwanamvua akamwomba Abdulrazaki wafuatane kwenda Busi.

Mwanne aliwapokea vizuri. Aliwatandikia mkeka, akawaletea uji wa ulezi. Mwanamvua alimwamkia, akampa pole, akaomba radhi kwa kuchelewa. Mwanne akaitikia kila neno. Kisha akasema:

"Nilikuona kwenye runinga. Watu walijaa hapa kuangalia, mdogo wangu alituambia atamsemea Shamila."

"Ndiyo, dada."

"Lile neno mlilotaka alifute, ni lile la mwongo?"

"Ndilo."

"Na yule aliyesema daraja lipo, naye mlimwambia afute?"

Kwa mujibu wa kanuni jibu lilikuwepo: hakuna aliyeipinga kauli ya Serikali kwa utaratibu unaotakiwa. Mwanamvua alishika bakuli la uji hadi likapoa. Mwanne hakurudia swali lake. Alimwambia tu anywe, njia ni ndefu.

Masudi, aliyekuwa kwa dada yake tangu atolewe bungeni, aliwasindikiza hadi kwenye gari. Abdulrazaki akatangulia, akawaacha.

"Uliamua sawa," Masudi akasema. "Ningekuwa pale juu, ningeamua hivyohivyo. Sina kinyongo na wewe, Mwana. Sitaki ufikiri nina kinyongo."

"Basi twende tukamweleze dada pamoja. Mimi nitakaa hapa hata mwezi. Nitamweleza polepole."

Masudi akatikisa kichwa. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Hawezi kukuita wifi. Nami siwezi kumwomba ajaribu."

Akamfungulia mlango wa gari, akaufunga taratibu. Walipofika korongoni maji yalikuwa yamekwisha, wakapita juu ya mchanga, na hapo ndipo Mwanamvua alipojifunika uso kwa mtandio akalia, akalia mpaka Kondoa mjini.

Wiki chache baadaye Serikali ilisahihisha jibu lake kwa maandishi, bila kelele. Daraja lilijengwa mwaka uliofuata. Mwanamvua alifikiria kujiuzulu uenyekiti, akaandika barua, akaichana. Aliona kwamba kukiacha kiti hakutamrudishia alichokipoteza kwa ajili yake. Shangazi yake aliacha kuulizia harusi.

Masudi alirudi bungeni, akaendelea kuchangia, hasa mambo ya kilimo. Siku moja, zamu ikiwa ya Mwanamvua, jina la Masudi lilikuwa la kwanza kwenye orodha ya wachangiaji. Alilitaja kwa sauti yake ileile ya upole. Masudi akasimama, akawasha kipaza sauti.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, nakushukuru kwa kunipa nafasi," akasema, kama kila mbunge anavyosema, kisha akaanza kueleza tatizo la mbegu za alizeti. Mwanamvua alimsikiliza hadi kengele ilipolia, akamshukuru, akamwita anayefuata.