Shiromani Iliyobaki Sandukuni

Moinahalima alikuwa mgeni mzuri, na alijijua. Akiingia mji wa watu, kwanza husikiliza wenyeji wanavyosalimiana, ndipo afungue mdomo. Hula kinacholiwa, hata kama kwao Mutsamudu hupikwa vingine, wala hasemi "sisi kwetu". Kwa hiyo Maanrifa, rafiki yake wa Moroni ambaye mumewe na wa Moinahalima walifanya kazi pamoja forodhani, alipomwita kwenye harusi kubwa ya binti yake, alimwita kwa moyo mmoja.

Kabla ya kusafiri alipanda Patsy, kijiji kilicho juu ya mji, kwa binamu yake Zoubeida. Zoubeida alimkalisha mkekani, akamtilia chai yenye mchaichai, kisha akatoa chini ya mto furushi dogo lililoshonwa pande zote. Ndani mlikuwa na dawa za pumu alizozipata kwa taabu hospitalini Hombo, na kofia aliyoidarizi mwenyewe, tundu kwa tundu, mpaka macho yakamtoka machozi.

Vilikuwa vya mwanawe Djaanfar. Kijana huyo alikuwa mwalimu Moroni, mpaka siku aliyosema neno darasani juu ya mamluki, wale wazungu waliokuja na bunduki mwaka wa sabini na nane, wakabaki kuwaongoza askari wa ikulu. Tangu hapo analala leo huku, kesho kule. Watu walikuwa wamekwisha kumletea mama yake maneno. Huyu anasema ameshikwa, yule anasema amekufa na kuzikwa bila watu.

"Nimempelekea neno kwa mdomo," alisema Zoubeida, "sijui kama limefika. Jumatano asubuhi apite soko la Volo Volo, penye wauza ndimu. Wewe hakujui sura, alitoka hapa mdogo. Atamtafuta mwanamke aliyevaa shiromani nyekundu."

Shiromani ni ile nguo ya wanawake wa kisiwa chao cha Nzwani, wanayojitanda toka kichwani mpaka miguuni. Ngazidja, kisiwa chenye Moroni, wanawake hujifunga leso.

"Nitaonekana kama nyanya kwenye sinia la wali," alisema Moinahalima.

"Ndivyo ninavyotaka."

"Na wewe mwenyewe, dada, huwezi kuja?"

"Mimi nikishuka kwenye ndege tu nitafuatwa mpaka chooni. Nenda wewe. Wewe unajua kwenda kwa watu."

Maneno hayo yalimpendeza Moinahalima, akashuka nayo mpaka Mutsamudu kama mtu aliyepewa zawadi.

Kwenye uwanja wa ndege wa Moroni alikuwapo mzungu mmoja mwenye bastola kiunoni, kasimama kivulini, anawatazama watu wakichukua mizigo. Moinahalima alilifungia furushi tumboni, chini ya gauni, akapita akisoma dua kimoyomoyo. Maanrifa alimpokea mlangoni kwake, mtaa wa Badjanani.

"Bweni, bibi wa Nzwani, umetuletea karafuu, au ni yale maneno yenu ya kuimba tu?"

"Nimeleta tumbo. Nasikia kuna harusi."

Wakacheka, wakashikana mikono, na kila mmoja akabusu mkono wa mwenzake.

Mji ule aliupenda. Alipenda vichochoro vya mawe meusi vilivyo baridi hata adhuhuri, na milango ya kuchongwa ambayo chumvi ya bahari imeifanya kijivu. Kwenye uwanja wa mji wazee walikaa kwenye viti vya mawe, kila mmoja mahali pake kwa daraja ya harusi aliyoifanya, naye hakukatiza mbele yao. Alizunguka nyuma, kama alivyoona wanawake wa pale wakifanya. Maanrifa aliliona hilo, akaona fahari kuwa na mgeni wa namna hiyo.

Jumatano asubuhi Moinahalima alifungua sanduku lake, akaitoa shiromani. Alikuwa bado anaikunjua alipoingia Maanrifa na leso mpya za rangi ya manjano, zile ambazo wanawake wote wa nyumba ya bi harusi walikuwa wamenunua sare.

"Weka hiyo sandukuni. Wiki hii wewe ni wa nyumba hii, utavaa yetu."

"Niende nayo sokoni tu, kisha nibadili."

"Sokoni hasa ndiko usiende nayo. Jana askari wamewasimamisha wanawake wa kwenu pale pale, wakawauliza wametoka kwa nani na wamemfuata nani. Haya, inua mikono nikufunge."

Moinahalima akainua mikono. Akajiambia kwamba kukataa nguo ya mwenyeji wako ni ukosefu wa adabu. Akajiambia tena, wakati Maanrifa akimpaka msindzano usoni, ule msandali wa manjano unaoficha uso wote, ila macho. Furushi alilitia kapuni, akatandika majani ya mgomba juu yake.

Volo Volo ilikuwa imejaa. Penye wauza ndimu alisimama akichagua, anabonyeza moja, anairudisha, mpaka muuzaji akamwambia, "Mama wa harusi, ndimu hizo hazina mimba, usizikande." Karibu na lango lilisimama gari la askari, na ndani yake mzungu aliyevaa miwani nyeusi.

Ndipo akamwona. Hakuhitaji kuambiwa. Lilikuwa paji la uso la Zoubeida, na ile namna ya Zoubeida ya kutembea bega la kushoto likiwa mbele, kama mtu anayepita mlango mwembamba. Shati lilikuwa safi lakini kola imelika. Alipita taratibu, akimtazama kila mwanamke. Alipofika kwake macho yakaangukia leso ya manjano, yakapita. Alisimama hatua chache mbele, akashika nguzo ya kibanda, akavuta pumzi ambayo haikutaka kuja.

Moinahalima alifungua mdomo. Jina lilikuwa pale pale, juu ya ulimi. Akalitazama lile gari, akafunga mdomo.

Djaanfar akarudi tena kwenye ndimu, akatazama tena, akaondoka. Yule mzungu naye alishuka, akanunua nanasi, akabishana bei kwa ishara za vidole, akaenda zake. Hakuwa ametazama upande ule hata mara moja.

Kesho yake Moinahalima alivaa shiromani, Maanrifa akanuna, naye hakujali. Alikaa sokoni mpaka kikapu cha mwisho cha ndimu kikaisha. Hakuna aliyekuja. Harusi ilichezwa, akapiga makofi na wenzake.

Aliporudi alipanda Patsy siku ile ile, furushi mkononi. Njiani alikuwa amekwisha kupanga la kusema, na uzuri wake ni kwamba lilikuwa kweli.

"Nilikaa na shiromani yangu mpaka ndimu zikaisha," alisema. "Hakuja, dada."

Zoubeida alilipokea furushi, akalipapasa mishono. Hakulia. Alikaa hivyo mpaka chai ya mgeni ikapoa, kisha akamwita binti yake aliyekuwa uani.

"Housna. Nenda kwa fundi Salimou, wa chuo cha Kurani. Mwambie waliosema amekufa wamesema kweli. Nataka tumsomee kaka yako hitima."

Housna alisimama mlangoni, mikono ina unga. "Leo, mama?"

"Leo. Pima na mchele."

Moinahalima alisikia kifuniko cha pipa la mchele kikifunguliwa uani, kisha kopo likikwaruza.

"Mwambie aache," alisema.

Zoubeida akamtazama.

"Alikuja. Jumatano alikuja. Nilikuwa nimevaa leso ya wenyeji, na msindzano, akanipita. Mimi nilimjua. Sikumwita. Palikuwa na askari, nikaogopa, nikajiambia ni adabu. Ile shiromani niliivaa siku ya pili."

Kopo lilinyamaza. Zoubeida aliuma mdomo wa chini, na kwa kitambo Moinahalima alidhani atapigwa, akatamani apigwe.

"Yu hai," alisema Zoubeida.

"Yu hai."

"Amekonda?"

"Amekonda. Shati lake safi, lakini kola imekwisha. Ndevu amezinyoa."

"Anapumua?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. "Kwa taabu. Alishika nguzo."

Zoubeida aliliweka furushi mapajani, akalifunika kwa mikono miwili. Kisha akasema, bila ukali, na hilo lilikuwa zito kuliko ukali, "Radhi yangu leo sina ya kukupa, Moinahalima. Usiniombe."

"Siombi. Ila nipe furushi, nirudi nalo. Nitaivaa shiromani tangu nyumbani kwangu."

"Kwanza nipate wa kumpelekea neno tena. Kama bado yupo wa kulipokea." Alinyoosha mkono, akasukuma kikombe kilichopoa kando. "Kaa. Hebu nionyeshe alivyotembea."

Moinahalima aliinuka. Pale pale mkekani, mbele ya mama na binti mwenye unga mikononi, alitanguliza bega la kushoto, akapita taratibu, akimtazama kila mtu machoni.