Kazi ya Wageni

Kule kundini walimwita Dada Karibu, maana hakuna mgeni aliyebisha hodi mtandaoni kwao akakuta kimya. Hujamaliza kujieleza, yeye keshakukaribisha, keshakuuliza unapenda nini, keshakutafutia kazi ndogo ya kuanzia. Mchana alikuwa msanifu kwenye duka la kuchapa, kazi yake kadi za harusi na mabango ya matangazo. Muda uliobaki aliutoa sadaka kwa programu huria moja, ya aina ile ambayo msimbo wake, maandishi yanayoiendesha, uko wazi, yeyote anausoma, yeyote anautengeneza, na hakuna anayelipwa.

Wala hakufanya kwa kutafuta sifa. Binti yake, kitinda mimba, alikuwa na kisukari tangu hajaanza shule. Mkononi alibandikwa kidude mfano wa kifungo cha koti, kinapima sukari na kupeleka namba kwenye simu ya mama. Sukari ikishuka, programu hiyo ndiyo inayopiga kengele. Na sukari ya mtoto huyo ikishuka ukachelewa, unampoteza. Hakuna cha kupamba hapo.

Sasa kundi lile lilikuwa na desturi moja. Hitilafu ndogondogo wakongwe hawazigusi. Zinawekwa kando, zinabandikwa maneno haya: "Kazi ya mgeni. Rahisi." Desturi hiyo aliianzisha Dada Karibu mwenyewe na aliitetea kwa udi na uvumba. Kuna siku mkongwe wao mmoja, waliyemwita Babu Kanuni, alitaka kuitengeneza hitilafu mojawapo.

"Hii kazi ya dakika tano," aliandika. "Nipeni niimalize."

"Babu, acha uroho," Dada Karibu alimjibu mbele ya kundi zima. "Ukizila zote wewe, wageni waingilie mlango gani?"

Watu wakacheka mpaka basi. Babu Kanuni akaufyata. Na haki ya Mungu, mwanamke alikuwa na hoja, maana makundi mangapi yamekufa kwa sababu wenyeji walijifungia ndani na kazi zao?

Hitilafu yenyewe ilielezwa hivi: ukiinyamazisha kengele, mlio wa pili unachelewa kidogo. Basi. Nani aogope kuchelewa kidogo? Mgeni mmoja aliyejiita Kobe akaichukua, akaandika "nitajaribu", akapotea. Wiki ikapita, zikapita nyingine. Dada Karibu akazuia asisumbuliwe. Mgeni aachwe apumue, alisema.

Siku yenyewe shule zilikuwa zimefungwa. Baba mtoto yuko safarini, mtoto kabaki nyumbani na wifi. Wakati wa chakula cha mchana kengele ikalia kule dukani. Sukari imeshuka, si sana. Dada Karibu akainyamazisha, akapiga simu nyumbani.

"Wifi, mpe juisi huyo. Glasi nzima."

"Ninayo mkononi. Kwani mimi sijui kulea? Mumeo nilimlea mimi mpaka ukamkuta kanona."

"Ndiyo maana hajui kuosha vyombo."

Wifi akaangua kicheko, simu ikakatika. Dada Karibu akarudi kwenye kompyuta yake. Mezani alikuwa na mama wa bibi harusi, mteja wa kuudhi hasa, aliyekuwa akibadilisha rangi ya kadi kila mashine ikitaka kuwashwa. Zambarau hapana, dhahabu hapana, ile ya kwanza ilikuwa nzuri lakini imekaa kihuzuni. Simu ilikuwa kando ya kibodi, kimya. Kimya hicho kilimpa raha. Kengele ikilia anaogopa, isipolia anapumua. Ndivyo alivyoishi miaka yote ile.

Ujumbe ukaingia. Alipoona jina, akatabasamu. Kobe! Kumbe yupo! Akaufungua hana hili wala lile.

"Samahani sana Dada Karibu kwa kupotea," Kobe aliandika. "Kuna kitu sikielewi. Mmeandika kwamba kengele ikinyamazishwa mlio wa pili unachelewa. Mimi nikijaribu hauchelewi. Haulii kabisa, hata sukari ishuke vipi, mpaka simu izimwe na kuwashwa upya. Labda nimekosea mimi. Samahani tena."

Alisoma mara moja tu. Aliinyamazisha kengele mchana ule, kwa kidole chake mwenyewe, na tangu hapo simu haijalia.

Akafungua programu. Namba aliyoiona hakuwahi kuiona kwenye mwili wa mwanawe, na mshale ulielekea chini.

Akampigia wifi. Simu iliita mpaka ikachoka. Akapiga tena. Ikaita.

"Jamani, na hii dhahabu iliyopauka je?" mama wa bibi harusi akauliza.

Dada Karibu alitoka mguu niponye, mkoba kauacha kitini, kiatu kimoja kikimvuka mlangoni, akakiacha hapohapo. Bosi wake alipaza sauti kumuuliza kuna nini, mteja naye akawa analalamika kwamba vijana wa siku hizi hawana adabu. Kijana gani, mama wa watoto watatu! Lakini nani alikuwa na muda wa kubishana.

Nyumbani hapakuwa mbali, mitaa michache tu, na kila siku alitembea njia hiyo akila karanga. Siku hiyo ilikataa kwisha. Alikimbia huku simu iko sikioni, inaita, inaita, na kichwani akimwona mwanawe sakafuni. Alijaribu kuifuta picha hiyo, ikarudi. Akaanza kuomba kwa sauti, maneno hayana mpangilio, mradi Mungu asikie: huyu usinichukulie, mimi nichukue, huyu hapana. Watu wakampisha njia. Roho ilikuwa juu, pumzi zimemwishia.

Ngazi za jengo alizipanda kwa mikono na magoti. Mlango ulikuwa umerudishiwa tu. Sebuleni televisheni inaonyesha katuni, na glasi ya juisi iko mezani, imejaa pomoni, haijaguswa. Mtoto alikuwa kajilaza kwenye zulia, uso kwenye mto, ungedhani kapitiwa na usingizi.

"Mama! Mama yangu, amka!"

Alimgeuza. Shati lilikuwa chapachapa kwa jasho na ngozi baridi. Macho yalifunguka nusu, yakapita usoni mwa mama yake bila kumtambua. Hapo ndipo hofu ilipomshika sawasawa. Juisi asingeweza kumpa, ingempalia. Alikwenda jikoni, akafungua friji, akatoa sindano ya dharura ya kupandisha sukari, waliyofundishwa hospitalini na ambayo aliomba asije akaitumia. Kifuniko akakivua kwa meno. Akamdunga pajani. Kisha akamlaza ubavu, akamshika, akasubiri.

Wifi akaingia na beseni tupu, katoka kuanika nguo juu ya paa. Alipoona, beseni likamponyoka.

"Toba! Kafanya nini? Nilimwacha sasa hivi! Aliniambia atakunywa katuni ikiisha!"

"Simu yako iko wapi, wifi?"

"Iko chaji, chumbani... Wifi yangu, nimeua?"

"Piga hospitali. Usilie, piga."

Mtoto alikaa vilevile kwa muda ambao mama yake mpaka leo hawezi kuusimulia. Halafu vidole vikacheza. Akakunja uso, akalalamika anasikia kichefuchefu, akauliza kwa nini mama hana kiatu. Dada Karibu akamkumbatia mpaka mtoto akasema anaumia.

Muuguzi alifika, akapima, akasema hatari imepita, ila mtoto asiachwe peke yake. Na ndipo hofu ya pili ikamwingia Dada Karibu. Mama wangapi walikuwa na programu ile? Wangapi wameinyamazisha kengele leo na sasa wanapumua? Akakaa pale pale kwenye zulia, kichwa cha mtoto mapajani, akawaandikia watumiaji wote: msiinyamazishe kengele, mkiinyamazisha haitalia tena, zimeni simu muwashe upya, sasa hivi.

Wa kwanza kumjibu alikuwa Babu Kanuni. "Pole sana, mwanangu. Mtoto yukoje? Niitengeneze?"

"Yu hai, Babu. Subiri kidogo." Akampigia Kobe.

Sauti iliyoitikia ilikuwa ya mwanamke, ndogo, ya mtu aliyezoea kukatizwa.

"Dada Karibu? Nisamehe, nilijua nimekosea."

"Hukukosea. Umefika wapi na kazi ile?"

"Nilishaimaliza. Nilimaliza siku ile ile niliyoichukua."

Hasira zikampanda, hasira za kweli, za kutaka kuirusha simu ukutani. "Siku ile ile! Na umekaa nayo? Kwa nini hukuituma?"

"Sikujua pa kubonyeza." Sauti ilizidi kufifia. "Mliandika ni rahisi. Nikasema, kama hiyo rahisi imenishinda, nikiuliza si nitaonekana mjinga? Halafu niliona ulivyomwambia yule Babu, watu wote wakamcheka, na yeye ni mwenyeji. Nikasema, mimi je? Leo nimepiga moyo konde tu, dada. Nimeogopa isije ikawa kuna mtoto."

Dada Karibu akatazama mkono wa mwanawe, ule wenye kidude, ukipanda na kushuka kwa pumzi. Machozi aliyoyazuia tangu dukani yakamtoka kwa kwikwi.

"Dada? Nimesema vibaya?"

"Hapana, mdogo wangu. Nisamehe mimi. Fungua ukurasa wa kazi, tuitume pamoja. Nieleze unachokiona, kimoja kimoja, na uliza lolote. Sikati simu."