Vifungo vya Upande wa Pili

"Hii shati mimi hapana vaa tena," Amandu alisema, akalibwaga juu ya cherehani, juu ya gauni ambalo baba yake alikuwa akimshonea mteja wake, Rehemah.

Fundi Ondoga aliondoa mguu kwenye pedali. Ilikuwa Jumatatu alasiri, mwaka wa sabini na sita, na veranda aliyokuwa akishonea ilikuwa ya duka ambalo Mhindi mwenyewe aliliacha alipofukuzwa nchini miaka minne nyuma. Rafu za ndani zilikuwa tupu. Kitambaa kipya cha kaki hakijaonekana Arua tangu Pasaka, na shule ya sekondari bado ilitaka watoto wavae kaki. Basi mafundi waligeuza. Unafumua shati lote, mshono kwa mshono, unautoa nje ule upande wa ndani ambao jua halijaula, kisha unashona upya. Shati lililopauka linarudi na rangi yake.

La Amandu alilishughulikia siku mbili nzima. Alilipiga pasi ya mkaa mara mbili, akalitundika msumarini, akarudi nyuma hatua tatu kulitazama. Alijivunia kazi yake siku ile, Mungu amsamehe.

Ila shati likigeuzwa, kushoto kwake kunakuwa kulia. Mfuko nao unahamia kulia, maana ukiurudisha kushoto, matundu ya sindano ya zamani yanabaki wazi kama macho. Na vifungo vinahama, shati la mwanamume linafungwa kama blauzi. Ondoga aliyajua haya tangu ujana wake. Alichosahau ni kwamba mwanawe ana miaka kumi na saba.

"Wamesema nini?" aliuliza.

"Paredi yote imecheka. Sasa jina yangu ni Mama Amandu."

"Walimu je?"

"Hedimasta aliangalia tu. Aliangalia mufuko, akaangalia vifungo, akaenda."

"Hakusema kitu?"

"Kitu hakuna." Amandu alitazama barabara. "Baba, mimi nataka kuacha. Santino anaenda Zaire Jumatatu ingine kuleta chumvi. Amesema baiskeli yake iko na nafasi ya mutu moja."

Ondoga aliliokota shati, akalitundika kwenye msumari wake, akaendelea na gauni la Rehemah. Mshono ulienda upande, akaufumua.

Yeye alisoma miaka miwili tu kwao Pajulu. Aliweza kuandika vipimo vya kifua na kiuno. Barua ilimtoa jasho. Amandu alikuwa wa kwanza katika ukoo mzima kufika kidato cha tatu, na jioni alimsomea baba yake karatasi yoyote iliyofungia sukari au sabuni, hata gazeti la mwaka juzi, kwa sababu mzee alipenda tu kusikia sauti ile ikisoma. Sasa sauti ile iende ikasukume baiskeli ya chumvi porini. Iliuma. Na kwa kuwa hakuweza kujikasirikia mwenyewe, alimkasirikia mwalimu mkuu. Aliangalia tu. Mtu mzima, kiongozi wa shule, anaona mtoto anachekwa, anaangalia tu.

Jumatano, Amandu akiwa siku ya pili hajaenda darasani, mwalimu mkuu mwenyewe alikuja verandani na koti mkononi. Aliitwa Angelo, mtu wa Koboko, mrefu, mwenye kuongea polepole hata akikasirika. Koti lilikuwa la kijivu, limepauka mabegani, kola imelika. Kila mtu Arua alilijua, kwa sababu hakuwa na lingine.

"Fundi, siku ya wazazi iko Jumamosi," alisema. "Unaweza kunigeuzia hii?"

Fundi mwaminifu humwonya mteja hapohapo: mfuko utahama, vifungo vitahama, utafunga kama mama. Ondoga alilipindua koti, akashika kitambaa kwa vidole viwili. Akabana pini midomoni ili mdomo uwe na kazi.

"Itakuwa tayari Ijumaa," alisema.

Acha naye achekwe kidogo, aliwaza. Alishona koti lile kwa hasira, lakini alilishona vizuri. Mkono wake haukujua namna nyingine.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Wazazi walikaa kwenye mabenchi, wanafunzi wakasimama nyuma ukutani. Amandu alikuwepo kwa sababu mama yake alimwamuru, amevaa shati la nyumbani lenye maua. Ondoga alikaa benchi la tatu. Maneno yake alikuwa ameyapanga tangu alfajiri: shule gani hii, mtoto anachekwa na wakubwa wanaangalia.

Mwalimu mkuu aliingia. Wanawake ndio walioona kwanza. Rehemah, mama yake Hadijah, ambaye mdomo wake haukuwahi kupitwa na kitu, alijifunika uso kwa tarha aliyojitanda kichwani, akashindwa kujizuia.

"Hedimasta, leo umevaa koti ya mama ya watoto?"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Hiki ndicho Ondoga alichokuwa akikingoja, na kilipofika hakikuwa na utamu hata chembe. Masikio yalimwaka.

Mwalimu Angelo alingoja kicheko kiishe. Akajitazama kifuani, akafunga kifungo kimoja kwa mkono wa kushoto, upesi, bila kukitafutia tundu.

"Iko ya mimi, Mama Hadijah. Imegeuzwa tu. Kwetu Koboko baba yangu alikuwa fundi. Sisi watoto saba tulifunga vifungo upande hii mpaka tukamaliza shule." Akavuta kiti. "Haya. Nani ana maneno juu ya shule?"

Ondoga alilitazama koti upya. Mtoto wa fundi. Mwalimu mkuu alijua tangu mwanzo. Jumatatu alitazama mfuko, akatazama vifungo, na Jumatano akaleta koti lake pekee kwa fundi yuleyule aliyeshona shati lile, ili naye avae cha kugeuzwa.

Rehemah alisimama wa kwanza, bila kuona aibu. Alisema maabara imefungwa tangu mwalimu wa fizikia aondoke, maharagwe yana wadudu wengi kuliko maharagwe yenyewe, na choo cha wasichana hakina mlango. Mwalimu mkuu aliandika yote, hata lile la wadudu. Mzazi mmoja wa Ayivu alisema angekuwa na uwezo angempeleka mtoto kwingine. Hilo nalo likaandikwa.

Kisha wanafunzi wakaambiwa waseme. Alisimama Hadijah, binti ya Rehemah, wa kidato cha nne.

"Mama yangu amesema kweli," alianza, na mama yake akaitikia kwa kichwa kwa fahari. "Kitabu ya biolojia iko moja, sisi watu tisa. Lakini Mwalimu Candiru anakuja mapema kabla ya kengele, anaandika kitabu yote ubaoni, ukurasa kwa ukurasa, na chaki kidogo hivi. Walimu wengine wameenda. Hawa wamebaki. Mimi naweza kulalamika juu ya maharagwe, lakini juu ya hawa, hapana."

Hakuna aliyepiga makofi. Watu walitazama mikono yao.

"Na fundi?" mwalimu mkuu aliuliza. "Naona uko na maneno."

Ondoga alisimama. Hakuwahi kusema mbele ya watu wengi kiasi hicho, na yale maneno ya alfajiri yalikuwa yamemtoka yote.

"Hedimasta, mimi nilijua vifungo itahama. Sikukuambia."

"Najua."

"Nilikuwa na hasira."

"Hiyo pia najua. Lakini umeshona vizuri."

Ondoga alishika benchi lililokuwa mbele yake. 

"Basi mimi sina malalamiko. Nasema asante. Kwa wewe, kwa huyu mwalimu ya chaki, kwa wote wenye wamebaki." Akamtafuta Amandu kwa macho. "Naomba tu mutoto yangu na yeye abaki."

Vichwa viligeuka kuelekea ukutani. Amandu alikuwa anatazama sakafu.

Jumapili Ondoga hakuuliza, aliogopa jibu.

Jumatatu asubuhi alikuwa verandani mapema, akitia mafuta cherehani ambayo haikuhitaji mafuta. Shati lilikuwa bado msumarini. Santino alifika na baiskeli, magunia matupu yamefungwa nyuma, akasimama barabarani, akapiga kengele. Amandu alikuja kutoka upande wa Pajulu, akamsalimia rafiki yake kwa mkono, akapanda ngazi za veranda.

Alilitungua shati. Alilivaa, akaanza kufunga kwa mkono wa kulia kama alivyozoea, na tundu halikuwa pale. Vidole vyake vilitafuta, vikakosa. Ondoga alitaka kuinuka amsaidie, akajizuia, akashika kopo la mafuta kwa mikono miwili.

Amandu akaanza upya, kwa mkono wa kushoto.

Kengele ya baiskeli ililia mara ya pili. Amandu hakugeuka; alikuwa amefika kifungo cha tatu.