Mkubwa Apewe Kwanza

Mkurugenzi hakujua tofauti ya kebo na kamba ya viatu, lakini kwa kupanga foleni alijiona bingwa. Fundi wa mitambo alimweleza mara tatu, taratibu, kama anayemlisha mtoto uji: video ya moja kwa moja hukatwa vipande vidogo, na kila mtazamaji akipokea kipande humrushia mwenzake. Kwa hiyo vianzie kwa wenye mtandao unaotuma kwa kasi, ili vifike kote kabla havijapitwa na wakati.

"Dada, usinifundishe kazi," mkurugenzi alisema. "Mkubwa hapa ni mimi. Vyote vianzie kwangu, ndipo wengine wapate."

Kompyuta yake ilikuwa ya bei mbaya, na mtandao wake ulipokea vizuri ila kutuma ulijikokota kama kobe mgonjwa. Fundi akabonyeza kama alivyoagizwa. Sikio la kufa halisikii dawa.

Fainali ya mpira waliyokuwa wakiirusha ikaanza. Dakika ya kumi mkurugenzi akaruka kitini, tai imemwenda upande. "Bao! Mnaona picha ilivyo safi?"

Wafanyakazi wakageukia kompyuta zao. Humo, wachezaji walikuwa bado wameganda wakipeana mikono.

Simu yake ikalia. Alikuwa mkewe, na mkurugenzi akaongeza sauti ya simu ili wafanyakazi wasikie anavyosifiwa.

"Baba Watoto, mbona huku mpira hauchezi?"

"Hauchezi vipi? Mbona mimi naona?"

Fundi hakuinua hata macho. "Ndiyo maana wao hawaoni, bosi."